Siku Gojra Akka Alipozunguka

Satara, 18 Agosti 1999

Vatsu shoga yangu,

Salamu baadaye. Kwanza nakwambia hivi: lolote ulilosikia kuhusu Nagpanchami ya juzi, sikukuu yetu ya nyoka, litupe jalalani. Wote wanaihadithia vibaya. Nirmala Tai, kwa vile alikuwa mwalimu mkuu na mpaka leo anadhani sisi ni darasa la tatu, anasema eti Gojra Akka alizungushwa kidogo tu, kwa heshima, kama unavyombembeleza mtoto. Muongo. Muuza maziwa anasema Akka alipaa kama kishada. Huyo ni muongo zaidi, na hata hakuwepo. Sumati naye anasema ni lile jua lililopatwa wiki iliyopita, limewaingia wazee kichwani. Sumati siku hiyo alikuwa kitandani na mafua. Sasa aliona nini, shuka?

Anayejua ni mmoja, na huyo ni mimi, Anusaya Kadam, maana mikono iliyomshika Akka ndiyo hii inayoandika. Ndiyo, naandika mwenyewe, simwambii mtu aniandikie. Unajua Nirmala Tai alinifundisha kusoma nikiwa tayari bibi wa wajukuu, kwa hiyo ukikuta herufi imelala chini, iamshe uendelee.

Sikiliza basi. Asubuhi ile tulipanda ngome ya mlimani kama kawaida, ukungu umefunika mji wote, mawe yanateleza kama samli. Tangu uende Nagpur kundi halijavunjika. Bado tunapanda, bado Nirmala Tai anapuliza filimbi yake tunyooshe mikono na tuzungushe viuno, bado tunasengenya mpaka chai, maana hilo ndilo zoezi lenyewe, hayo mengine ni ya kupasha mwili moto. Lakini siku ya Nagpanchami filimbi inakaa mfukoni. Siku hiyo ni fugdi tu, kushikana mikono wawili wawili na kuzunguka.

Gojra Akka alikuwa pale pale pake, juu ya lile jiwe karibu na lango. Champali zetu zimepangwa mbele yake mbili mbili, shali zetu ziko mapajani kwake, naye anatuimbia. Unamjua Akka. Themanini na moja zimeshapita, na hakuna wimbo wa fugdi asioujua, mpaka zile za matusi kuhusu mama mkwe. Mumewe aliumwa na nyoka shambani hata mwaka wa ndoa haujaisha, na kila Nagpanchami bado anammiminia nyoka maziwa kama sisi wote, usoni hana kinyongo. Anatuimbia, tunazunguka. Haki ya mungu sijawahi kujiuliza kwa nini yeye hazunguki. Mtu akikaa juu ya jiwe miaka yote, unaona yeye na jiwe ni kitu kimoja.

Sasa mimi tangu uondoke nimekuwa kama ng'ombe wa jozi aliyebakishwa peke yake. Hakuna anayenifaa. Fugdi ni mizani, wewe unajua: huku uzito, huku uzito, la sivyo mmoja anaruka na mwingine anapiga makalio chini. Sumati mwepesi kama mlonge. Nirmala Tai anaogopea miwani. Nikasimama katikati na mikono yangu mitupu, najisifu kama kawaida, nawaambia nani ataweza kunibeba mimi, mimi niliyemzungusha Vatsala Shinde, na Vatsala ni mzito kuliko jiwe la kusagia mtama. Usikasirike, nilikuwa nakusifia.

Mara wimbo ukakatika. Nikadhani Akka kasahau maneno. Kugeuka, namwona ameziweka shali zetu chini, kwenye majani yaliyolowa, anakuja peku. Amekwisha kuikunja sari yake kati ya miguu, akaikaza nyuma kama msichana anayekwenda kupandikiza mpunga.

"Nipe mikono," akasema.

Nirmala Tai akamwambia, "Akka, utaanguka."

"Nikianguka nitakuwa nimeanguka. Ansa, nipe mikono."

Nikampa. Ningefanyaje? Tukakutanisha vidole vya miguu, tukapitanisha mikono. Viganja vyake vikavu kama maganda ya kitunguu saumu, lakini kushika, mwanangu, alinishika mpaka pete yangu ikaniuma. Nilikuwa nimepanga nimtembeze taratibu, mzunguko mmoja, nimrudishe kwenye jiwe, nipate sifa. Yeye akajiachia nyuma. Hakujiachia kama mtu anayejaribu. Alijiachia kama mtu anayejitupa kitandani kwake baada ya safari. Miguu yake ilikuwa inajua. Nani aliifundisha, na lini, na imeyakumbuka wapi hayo mambo miaka yote?

Basi aliyezungushwa ni mimi. Hilo ndilo watu hawalisemi. Mimi, mwanamke niliyewabeba wagonjwa wodini kama magunia, nilichukuliwa na bibi kizee kama jani. Mwimbaji alikuwa ndiye anayezunguka, sasa nani aimbe? Akaanza kuimba mwenyewe, humo humo kwenye mzunguko, sauti inapita ikirudi, inapita ikirudi. Kulikuwa na tausi ukutani aliyekuwa akipiga kelele tangu alfajiri. Akanyamaza. Akashuka, akaja mpaka ukingoni pale, akasimama anatazama. Sikutanii.

Na unajua fugdi ilivyo. Dunia yote inayeyuka, ngome, watu, mbingu, vyote vinakuwa uji. Kilichobaki kimesimama ni uso wa mwenzako tu. Nikamwona Akka. Si yule wa kwenye jiwe. Sikumjua huyo msichana, sikuwahi kutambulishwa kwake, na alikuwepo siku zote. Hapo sina la kuongeza. Ulimi wangu unakwama, na wewe unaujua ulimi wangu.

Tulipopunguza, tulipunguza pamoja, vizuri. Yeye akasimama wima kama mlingoti. Mimi nikakaa chini kwa makalio, ndiyo, hilo Nirmala Tai amelisema sawa, hongera yake. Wenzetu wakaja mmoja mmoja wakamgusa Akka miguu. Hawakumgusa kama unavyomgusa mkubwa wako ukiingia nyumbani. Walimgusa kama hekaluni.

Kisha Akka akarudi kwenye jiwe lake, akaanza kuzipanga champali upya. Nami nilipomfuata, akaniambia: "Mwandikie Vatsala. Mwambie mikono yake iko hapa, inamngoja."

Ndiyo nakuandikia. Magoti yako vipi? Na bangili zimefika? Nimezinunua kwa yule yule mzee wa sokoni, za kijani, kama kila mwezi wa Shravan.

Ni mimi, shujaa aliyeketi chini,
Ansa

*

Nagpur, 25 Agosti 1999

Kwako Ansa,

Nimeisoma barua yako, kisha nikairudia kwa sauti ya chini, mlango nimeufunga, kwa sababu ukisomwa kimya hunogi. Tausi umemtunga. Hilo nalijua hata bila kuapa. Tausi gani anayeacha kelele zake kwa ajili ya mtu?

Mwanangu Sharad na mkewe Medha hawajambo. Wananitunza vizuri mno, mpaka glasi ya maji naletewa. Kutoka kwenye baraza yetu ya juu naiona bustani ya mtaa, na kila asubuhi wanakusanyika wastaafu wa huku, wake wa maofisa, mabibi wa benki, wamevaa viatu vya kukimbilia chini ya sari. Wananyoosha mikono juu na kucheka. Wanacheka kwa amri, Ansa. Ati ni mazoezi. Yupo mmoja anayehesabu, halafu wote hahaha. Medha hunihimiza nishuke. Namwambia magoti.

Hayana nafuu sana, hayo magoti. Nadhani ngome ndiyo basi tena.

Kifurushi kilifika. Asante kwa kunikumbuka.

Nataka kukuuliza jambo moja, nijibu bila utani. Akka si mtu wa maneno. Wewe mwenyewe unajua anaweza kukaa asubuhi nzima asiseme ila nyimbo. Alisema hivyo kweli, kuhusu mikono yangu?

Wako,
Vatsala

*

Satara, 30 Agosti 1999

Vatsu,

Magoti gani? Nakuuliza, magoti gani hayo? Mwaka jana tu ulipanda ngome umebeba chungu cha maji ya chai kiunoni, huku unamkemea Sumati atembee haraka. Wewe nesi, umewasimamisha watu waliovunjika mapaja, leo magoti yako mwenyewe yamekushinda? Au huko Nagpur wamekupa magoti mengine?

Nimekutumia mafuta. Ni majani ya nirgudi, nimeyachemsha mwenyewe jikoni mpaka mume wangu Maruti akatoka nje akakaa na ng'ombe wa jirani. Yanuka, lakini yanafanya kazi. Paka jioni, funga kitambaa, usiruhusu upepo. Maruti nilimpaka mgongo, sasa anaweza kulala siku nzima bila kugeuka.

Hao wa kucheka kwa amri, waambie waje Satara. Mtu akimtazama Nirmala Tai anavyokazana kupuliza filimbi iliyoziba, hahitaji kuhesabiwa.

Ukungu bado. Akka amerudi kwenye jiwe, anaimba, ila sasa kila mtu akimpa shali anampa kwa mikono miwili. Na Sumati amepona, anasema alikuwepo siku ile. Alikuwa nyuma ya mti, anasema. Wiki ijayo atasema ndiye aliyezungushwa.

Umeniuliza kama Akka alisema. Alisema. Neno kwa neno. Mimi ni wa kutunga maneno ya watu?

Na hizo bangili, mbona umeniandikia "kifurushi kilifika" kama karani wa posta? Zimekuenea, au umenenepa kwa maziwa ya Nagpur? Zivae. Nataka kuzisikia zikilia nikikuona.

Ansa

*

Nagpur, 6 Septemba 1999

Ansa,

Mafuta yamefika na yamevuja. Nyumba nzima inanuka miguu ya ngamia. Nimeyafuta sakafuni mwenyewe, nimepiga magoti. Magoti yangu ni mazima, Ansa. Yalikuwa mazima siku zote.

Sasa nakwambia, maana naona kweli hukujua.

Kifurushi chako cha bangili kilikuja wakati wa chai. Mama yake Medha alikuwa amekuja kutembea. Medha, kwa wema wake, akanifungulia, na bangili zikamwagika mezani, za kijani, zinang'aa. Unajua za kijani huvaliwa na wenye waume. Yule mama akafunika mdomo kwa ncha ya sari, akatazama dirishani. Halafu akauliza polepole, "Ni nani huyo anayemfanyia mjane mzaha wa namna hii?" Nikasema si zangu, rafiki yangu amemtumia Medha. Medha anazivaa. Kila asubuhi nazisikia jikoni zikigongana kwenye masufuria, nami nimelala, nasikiliza.

Sikukasirika na wewe. Najua mkono wako ulizinunua wenyewe.

Lakini kuna jambo lingine, na sikuwahi kumwambia mtu. Baada ya mume wangu Dattoba kuondoka, baada ya dada yake kunivunjia bangili zangu na kunifuta kidoti cha paji la uso, siku za matanga zilipokwisha nilipanda ngome mara moja. Wewe ulikuwa Karad kwa binti yako anayejifungua. Nilifika, nimefunga sari tayari. Wenzetu wakanipokea, wakanishika mabega, wengine wakalia. Hakuna aliyenisema vibaya. Kisha wakati wa fugdi ulipofika, wakanipisha. Wakasogeza shali kando, pembeni ya Akka, mjane mwenzangu, nipate pa kukaa. Akka mwenyewe ndiye aliyesogea akanipa nafasi juu ya jiwe.

Ilikuwa huruma, Ansa. Huruma tupu. Nikakaa. Nikashika champali zenu. Niliposhuka nikampigia Sharad simu, nikamwambia nakuja Nagpur.

Ndiyo maana nakuuliza mara ya mwisho. Kama Akka, aliyenisogezea jiwe, ndiye anayesema mikono yangu iko pale, basi nitakuja siku za sikukuu ya Gauri. Yeye ana haki ya kuniambia, amelipa miaka yake yote. Kama ni wewe tu uliyesema, nakupenda, lakini wewe una mume. Unapaka mgongo wake mafuta. Kwa neno lako sitakuja, usinitake radhi na usibishane nami.

Nijibu kweli.

Vatsala

*

Satara, 10 Septemba 1999

Vatsu,

Nimesoma, nikakaa. Maruti akaniuliza nani kafa.

Yule mzee wa bangili akiniona tu huwa anatoa za aina mbili, zangu na zako, ukubwa wake anaujua. Mwaka huu akazitoa, nami nikazichukua, wala mkono haukusita. Nikazifunga mwenyewe kwenye pamba zisivunjike njiani. Nilifurahi kwamba hazitavunjika. Mpumbavu mimi. Kama kuna adhabu, hiyo ndiyo: kukumbuka jinsi nilivyozifunga vizuri.

Na lile la jiwe. Mimi ningekuwepo, ningekuvuta mkono. Najiambia hivyo. Lakini Akka amekaa pale miaka yote, na je, yeye nilimvuta? Sasa hata kujisifu kunanishinda leo, ujue hali ni mbaya.

Umeuliza neno la Akka. Nimeshakujibu, na jibu ni lile lile. Njoo. Basi likifika nitakuwa stendi, utanijua, ni yule mwanamke mzuri.

Ansa

*

Nagpur, 24 Septemba 1999

Ansa wangu,

Nimefika salama. Puranpoli ulizonifungia, zile chapati tamu, nilizila njiani zote, wala sikumgawia bibi aliyekaa karibu nami ingawa alikuwa akizitazama.

Nimekaa nikitafuta namna ya kukuandikia yale ambayo uliyaona kwa macho yako mwenyewe. Lakini wewe utayasimulia, na ukishayasimulia yatakuwa na tausi kumi na ndovu, kwa hiyo acha na mimi niandike yangu kabla hujaharibu.

Nilipoona lango la ngome miguu iligoma. Si magoti, ni miguu yote. Nikawaona wote wamesimama, Nirmala Tai anafuta miwani kwa ncha ya sari. Na Akka juu ya jiwe na shali zake. Nikaenda nikainama nikamgusa miguu, nikamwambia, "Akka, nimepata neno lako."

Akakutazama wewe. Akakutazama muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akanitazama mimi.

"Umechelewa," akasema.

Akaziacha shali juu ya jiwe, akashuka.

Ansa, sikujua kama nitaweza. Tangu Dattoba afe kila kitu kimekuwa kikizunguka na mimi nimesimama, nyumba, watu, treni, sahani. Nilipokupa mikono nikajiachia nyuma, ikawa kinyume. Ngome ikaenda, mawingu yakaenda, wote wakaenda, na mbele yangu uso wako ukabaki umesimama, na lile jino lako lililovunjika, na wewe unalia huku unacheka kama mwendawazimu. Kitu kimoja kilichosimama. Nilikuwa nimesahau kwamba kipo.

Nilipokuwa katikati nikasikia wimbo unapita upande wangu wa kulia, kisha nyuma, kisha kushoto, nikajua Akka naye anazunguka. Na nani? Baadaye nikaambiwa ni Nirmala Tai, na miwani ilikuwa mfukoni mwake. Tulipopunguza nikatazama lile jiwe. Lilikuwa na shali tupu juu yake. Hakuna mtu. Sikuwahi kuliona bila mtu, nikashangaa lilivyo dogo. Nimekuwa nesi miaka mingi, nimeona watu wakifa na wakizaliwa mikononi mwangu, na bado nilisimama pale mdomo wazi kwa sababu ya jiwe.

Juzi nimeshuka bustanini. Mabibi wa benki wakanipokea, wakaniambia nicheke. Nikacheka, bila amri, kwa sababu nilikukumbuka ulivyokalia matope. Kisha nikamshika mikono mmoja wao mwenye viatu vya kukimbilia, anaitwa Kumudini, alikuwa meneja, nikamwonyesha fugdi. Akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia. Leo asubuhi amekuja na mashoga zake watatu na wote wamevua viatu.

Medha alinishika mkono jikoni akavua bangili moja akanipa. Nikamrudishia. Nikamwambia bado. Labda Shravan ijayo, labda kamwe. Lakini sasa asubuhi nikizisikia naamka.

Baada ya Diwali narudi Satara kukaa. Sharad amekubali, ila anasema nimlete Ansa aje amsimulie. Nimemwonya.

Na nilitazama ukutani asubuhi zote nilizokuwa huko. Hakuna tausi. Nilijua.

Vatsu wako

*

Satara, 29 Septemba 1999

Vatsu shoga yangu,

Barua yako Nirmala Tai amenisomea kwa sauti mbele ya kundi zima, kwa sababu nilijifanya macho yananiuma. Nilitaka wasikie ile ya jino na ile ya kulia. Alipofika kwa Kumudini, Akka alicheka mpaka shali zikamwanguka. Sasa usemi umekuwa huo: mtu akipiga ukelele kwenye fugdi, anaitwa Meneja.

Chumba chako nimekifagia. Maruti amepaka chokaa, yaani ameshika brashi na mimi nikapaka. Na hapa napo hadithi imeanza kuharibika. Muuza maziwa sasa anasema wewe na Akka mlizunguka mkashuka mlima mzima mkizunguka. Sumati anaapa jiwe lilisogea. Nawaambia wanyamaze, mimi ndiye ninayejua, mimi sijaongeza hata chumvi.

Ila kwa kuwa unakuja kukaa, na mtakaa karibu wewe na Akka, na siku moja mtakuja kuongea, bora ulisikie kwangu.

Siku ile ya Nagpanchami, Akka aliporudi kwenye jiwe akazipanga champali, nikamfuata. Hiyo kweli. Nikainama. Kweli. Na akasema neno. Alisema, "Maji."

Nikampa maji. Akanywa, akaanza wimbo mwingine. Basi.

Yale mengine ni yangu. Aliponiachia mikono, yangu ilibaki imefunguka hivi, nikaitazama, na kuteremka kote sikujua niiweke wapi. Nikafika nyumbani nikaishika kalamu. Ningesema ni mimi, ungesema nina mume. Wala sikukosea, ulikuja kuyasema hayo hayo. Kwa hiyo nikamkopa Akka mdomo, yeye hautumii sana.

Ulipoinama ukamwambia "nimepata neno lako," Vatsu, damu yangu yote ilishuka kwenye visigino. Akka ni mwanamke ambaye hajawahi kusema uongo tangu azaliwe, hata kwa mgonjwa. Akanitazama. Nikasema moyoni, kwaheri Ansa. Naye akageuka kwako akasema umechelewa. Akashuka kutoka juu ya jiwe. Huko kushuka sikukutunga mimi, wala hakuna aliyemtuma.

Siku ile tuliporudi mjini, wewe umetangulia na Nirmala Tai, Akka alinishika kiwiko kwenye ngazi za chini. Akaniambia, "Ansa, siku nyingine ukinisemea, uniambie mapema. Na mimi nijue nilichosema."

Kama ni uongo basi tumeusema wawili, mmoja ana mume na mwingine hana. Ugawe nusu kwa nusu ukasirikie nusu yako. Ukiamua kubaki Nagpur kwa ajili hiyo nitakuelewa, ila chokaa ya chumba imekwisha kukauka na dirisha lako linatazama ngome.

Hilo moja ndilo nililotunga. Lakini tausi alikuwepo.

Wako,
Ansa